Swichi ya Kwanza Iko Kulia

Malindi, Unguja, 1956

Baba yangu Mzee Simai,

Shikamoo. Motaboti ya bandari nshaifungia umeme peke yangu! Swichi sita na fyuzi zake zimo kisandukuni mbele ya usukani, nyaya zimelala sawasawa kama ukili wa mkeka anaosuka mama. Nilizipanga kuanzia kulia, majina kwa herufi za Kiarabu. Injinia Mzungu akaanzia kushoto: alitaka taa, ikalia honi. Akaniamuru nizigeuze. Nahodha akakataa: "Mwendeshaji mimi, na mimi nasoma kuanzia kulia."

Herufi hizo ulinifunza wewe, kabla hujanifukuza kwa kuwa niliukimbia uvuvi. Mwaka wa tatu huu nakuamkia bila ya kuitikiwa. Motaboti itafika huko kwako Chwaka Ijumaa. Mpe nahodha marahaba yangu, ataniletea.

Mwanao,
Fundi Usi