Sura Yangu Juu ya Pipa

Jumapili, 1 Oktoba 2017

Nina miaka themanini na moja. Nimezika wake wawili, ndugu zangu wote saba na nyumbu watatu wa kubebea kahawa. Vimbunga navyo — Charlie, Flora, Gilbert, Ivan — vimekuja vikaenda, mimi nipo. Kutu ya majani ilikausha mibuni ya kila mtu huku juu, yangu ikachipua tena. Kahawa bora Jamaika nzima. Aseme mwingine!

Kitabu hiki kanipa binti yangu Verona. Anasema nagombana mno na watu, nani alisema nini, siku gani, basi bora niwe naandika. Haya, naandika. Shule nilikaa miaka mitatu tu, lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wa mchungaji.

Leo kuna jambo kubwa. Hopeton, yule anayepokea buni kule ghalani, kapanda hadi kwangu kwa miguu, anahema kama mbwa. Mnunuzi kutoka Japani anakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Anataka mkulima mmoja mzee, apigwe picha, ichapwe kwenye mapipa yote ya kusafirishia kahawa. Kahawa ya Mlima wa Buluu, na chini yake uso wa mtu. Wamenichagua mimi! Nikamwambia, kwani mngemchagua nani? Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 3 Oktoba

Nimemwambia mchungaji. Nimemwambia kinyozi. Mwenye duka nimemwambia mara mbili, mara ya kwanza hakuonyesha kushangaa vya kutosha.

Jirani yangu Icilda kaniita kutoka uani kwake. "Kaka Clevie! Wewe Msabato, kahawa hujaionja tangu uzaliwe, leo ndiyo wakuweke kwenye pipa?" Nikamjibu, fundi wa majeneza hulala ndani kwanza ndipo auze? Kacheka mpaka kashika goti lake bovu.

Jioni nimepita shambani. Mibuni imebeba buni vizuri. Kijani, ngumu kama shanga. Huku kwangu juu hazigeuki rangi mpaka Desemba, baridi inazichelewesha. Ndiyo maana ni tamu, wanasema. Watu wa bondeni saa hizi wanachuma.

Jumapili, 8 Oktoba

Nimekasirika.

Icilda kaja na shelisheli na mdomo wake. "Kaka Clevie, siku hizi unauza buni siku ya Sabato?" — Nini? — "Jana goti lilinichelewesha ibada. Nimepita ghalani, nimeona pikapu ya mkweo inashusha masanduku. Hopeton akaita kwa sauti: Cleveland Minott, masanduku thelathini!"

Masanduku thelathini! Ya nini? Nimeshuka shambani, nimeshika tawi moja moja. Kijani. Sina tunda jekundu hata la kumpa ndege.

Nikaenda kwa Hopeton, Jumapili hivi hivi. Kwanza kajikuna. Halafu kasema zinaletwa Jumamosi tatu sasa. "Mimi napokea kadi, mzee. Kadi ni yako." Kadi ya mkulima anayo Linval, mume wa Verona, kwa sababu gari ni lake. Na kadi hiyo hapewi mtu wa bondeni. Anapewa mwenye shamba huku juu tu, ndipo kahawa yake iitwe kwa jina la mlima.

Kumbe ndivyo. Mtu ananunua buni za chini, anazipandisha, zinakuwa za mlima kwa jina langu. Siku ya Bwana! Mimi nimekaa benchi la mbele naimba!

Jumatatu, 9 Oktoba

Linval kaja mwenyewe. Jana nilimweleza Verona, naye keshamwambia. Kasimama mlangoni, kofia mkononi, adabu zote.

Nikamuuliza buni zimetoka wapi. Hakuficha. Zimetoka kwa watu wa bondeni, maili tisa chini. "Nao wanatoka jasho, mzee. Wana watoto. Kuna mstari mtu kauchora kwenye ramani miaka hiyo, aliye juu yake anakula, aliye chini yake analamba sahani. Mimi nawalipa mara mbili ya wanachopewa na wengine. Nani nimemwibia?"

Nikasema, anayekunywa.

"Anayekunywa anakunywa jina! Wewe mwenyewe hujui ladha yake! Ukiwekewa vikombe viwili, cha juu na cha chini, utajua kipi chako?"

Kanipata. Mimi! Akaendelea. Kwamba mwaka huu mvua imeharibu. Kwamba mnunuzi akikuta mapipa hayakujaa ataenda kununua kwingine, na wenye mashamba wote huku juu watabaki na buni zao mikononi. Kwamba alikuwa anatuokoa.

Mwishowe nikasema: ladha siijui, lakini najua kahawa ilikoota. Akavaa kofia. "Basi Alhamisi simama chini ya mti wako utabasamu, mzee. Hutaulizwa lolote."

Jumanne, 10 Oktoba

Verona kaniletea uji wa mahindi na nazi. Anajua udhaifu wangu. Akakaa akaniangalia ninavyokula.

Anasema alikuwa hajui. Namwamini, hana uso wa kudanganya, uso wake ni wa mama yake. Lakini anasema: "Baba, ukimsema mbele ya wageni, polisi watamchukua. Kadi yako nayo itafutwa. Nitabaki na nini? Mtoto atabaki na nani?"

Nikamwambia kadi ni yangu, jina ni langu, sura wanayotaka kuweka ni yangu.

"Ndiyo, baba. Na mume ni wangu."

Uji ukanishinda kumaliza.

Nitaandika ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma hapa. Picha ile naitaka. Naitaka sana. Nimeshanyoa. Suti ya mazishi ya mke wangu Merlene imetolewa nje, imening'inia kwenye jua. Watu wa mbali, nisiowajua, waamke asubuhi waone uso wangu waseme, huyu mzee ndiye kailima. Na kumbe wanakunywa ya mtu mwingine, yule wa bondeni, ambaye uso wake hakuna aliyeuomba! Yeye analima, mimi nacheka kwenye pipa. Hilo ndilo linaniwasha. Linval anasema kamsaidia. Kamsaidia kwa kumfuta.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimemwendea Linval gereji. Nikamwambia: sitakusema. Sema wewe mwenyewe, kabla hawajapiga picha. Aliyesema mwenyewe wanamhurumia.

"Kalale, mzee."

Hayo tu. Akarudi chini ya gari, miguu yake ikabaki nje. Nilitamani kuikanyaga.

Alhamisi, 12 Oktoba

Naandikia gotini. Niko ghalani, juu ya pipa. Nimelikalia. Wala sishuki.

Ilikuwa hivi. Wamefika saa nne. Mnunuzi ni kijana, nilitegemea mtu mzima. Kainama mbele yangu mpaka chini, nami nikainama, mgongo ukalia. Mkalimani ni binti kutoka Kingston, viatu vyeupe, tayari vimejaa tope. Tulipanda shambani kwangu kwanza. Kijana akashika tawi. Akatazama buni. Akauliza kitu. Yule binti akasema, "Anauliza mbona bado mbichi." Hopeton akadakia kwamba kuna upande mwingine wa shamba. Hakuna upande mwingine! Upande mwingine ni korongo!

Nikanyamaza. Naapa nilinyamaza. Nilikuwa namtazama Linval, nampa nafasi. Yeye anatazama kilele.

Tukashuka ghalani. Mapipa kumi yamepangwa uani, mbao mpya, zinanukia. Mpiga picha akaniambia weka mkono juu ya pipa, mzee, cheka kidogo. Wakanipa na kikombe, nionekane nakunywa. Icilda nyuma ya uzio akapiga kelele, "Hanywi huyo! Ataenda motoni!" Watu wakacheka. Mnunuzi akasogea, akaongea polepole, akiniangalia machoni. Binti akasema: "Anaomba umwambie kwa maneno yako kahawa hii imetoka wapi. Wanachukua na sauti yako pia."

Nikaweka kikombe chini. Nikapanda pipa nikalikalia. Nikasema: aliyeileta yupo hapa, muulizeni yeye. Jina lake silitaji. Mpaka aseme, mimi siondoki, na picha hampigi.

Binti hakujua atafsiri vipi. Kajaribu.

Hopeton akaja kunong'ona, nashusha hadhi ya wilaya nzima. Akanishika kiwiko. Icilda akamfokea: "Mwache! Kanisani anakaa hivyo hivyo masaa matatu hajikuni!" Mkono wa Hopeton ukaondoka.

Mnunuzi hakukasirika. Kachukua ndoo, kaigeuza, kakaa mbele yangu. Anangoja. Naye mkaidi, naona.

Jua limepanda. Suti ni nzito. Nimekunywa maji aliyoniletea Icilda. Verona yupo mlangoni, mtoto kiunoni. Mwanzo alikuwa ananitazama mimi, macho yake ya kunisihi. Sasa hanitazami tena. Anamtazama mumewe.

Linval kaegemea pikapu. Mara moja kafungua mdomo kaufunga. Kamuuliza binti kama mnunuzi anajua bondeni kukoje. Binti kasema hajui. Linval kacheka kicheko kibaya, cha peke yake.

Katupa sigara. Kavua kofia.

Atakayesema niliuza jina langu, au nilimuuza mkwe wangu, akawaulize waliokuwepo: Icilda Francis. Hopeton, akiwa na haya. Yule binti wa viatu vyeupe, jina lake silijui. Kijana kwenye ndoo. Verona mwanangu. Na Linval, anayejua kuliko wote — huyu hapa anakuja, kofia mkononi, sijui anakuja kwangu au kwa yule kwenye ndoo.