Mvua Katika Madaftari ya Baba

Nyumbani,
Tarehe 2 Juni

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu na watoto hawajambo? Mimi nipo. Magoti yanalalamika, lakini mdomo bado una nguvu zake. Mama ni mzima, anakusalimu sana.

Barua yako niliipata kabla ya kupanda; nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Niliisoma mara mbili nikidhani miwani inanidanganya: unataka nikutafutie wa kununua sehemu yako ya shamba, kwa kuwa mvua zimekwisha. Iliniuma, sikufichi.

Nikayatoa kabatini madaftari ya marehemu baba. Unakumbuka alivyokwenda kukagua kipimo chake cha mvua kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso, na sisi nyuma yake tukigombania kalamu? Miaka thelathini na sita, hakuruka siku.

Nilikaa nayo mezani siku tatu, nikijumlisha mwaka baada ya mwaka. Nami nilidhani mvua zimekwisha, kumbe maji ni karibu yale yale. Siku za mvua ndizo zimepungua. Zamani ilinyesha kidogo kidogo, siku sabini kwa mwaka. Sasa yote yanamwagika kwa siku arobaini, tena msimu unachelewa wiki tatu. Sisi bado tunapanda kwa tarehe za baba, halafu tunailaumu mbingu.

Nimeuona na mwandiko wako wa umri wa miaka saba: "Leo nimepima mimi." Chini yake baba ameandika, "Amemwaga nusu." Nilicheka, kisha nikalia. Nimewakumbuka mno, wewe na yeye, na nyumba ile ilivyokuwa imejaa.

Basi msimu huu nilichimba makinga maji, mitaro ya kuzuia mvua isikimbie, kwenye sehemu yako na kuchelewesha mbegu. Mama alinung'unika wiki nzima kwamba baba angenishangaa. Leo mahindi yamefika kiunoni, na jirani yetu aliyepanda mapema imebidi arudie.

Mwenye duka la mbolea alisikia habari za kuuza, akaja Jumatatu na kamba yake ya kupimia. Nikamwambia, "Shamba haliuzwi. Mwenyewe yuko njiani anakuja."

Nimesema uongo, tena kwa jina lako na bila ruhusa yako. Ukikasirika, una haki. Ila sitaki kuzisoma hasira zako kwenye karatasi. Njoo unigombeze hapa hapa, shambani kwako.

Nisalimie wifi, na wanao waambie shangazi yao anawataja kila siku. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Wako akupendaye kwa dhati,
Dada yako mkorofi