Birika Letu, Pichi Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Siku kumi kabla ya mechi. Redio ya kibandani kwangu uwanjani asubuhi imetaja mahasimu wakubwa wa kriketi duniani. Uingereza na Australia, wanaogombea kichupa cha majivu kinachoingia kiganjani. India na Pakistani, ambao wakikutana watu wanaacha kazi zao. Nikangoja tutajwe sisi na majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka. Wapi! Mtangazaji kahamia hali ya hewa. Nikaijibu redio kwa sauti: njoo Alhamisi ya wiki ijayo ukae katikati ya mashabiki wetu na wao, halafu uniambie uhasimu ni nini.

Wao kichupa, sisi birika. Birika kweli kweli, la bati, limebonyea ubavuni. Mechi ya kwanza kabisa, kabla sijazaliwa, kombe lilichelewa njiani, nahodha aliyeshinda akapewa birika la chumba cha chai. Tangu hapo hakuna anayetaka kombe. Sasa birika liko kwao, kwenye kabati la kioo. Wametushinda mara tano mfululizo! Na kila mwaka wanapiga picha wakijimiminia chai, wanatutumia. Nikiiona picha ile chakula hakipiti.

Nyasi za pichi, ule ukanda wa katikati mpira unapodundia, nimezikata hadi milimita kumi. Rola ya kushindilia nusu saa. Udongo unaitika.

Jumatano, 5 Machi

Mwenyekiti wa chama cha kriketi kaja kibandani. Viatu vinang'aa, hakukaa. Maneno yake kwa ufupi: warushaji wetu wawili wazuri ni wa mipira ya kuzunguka. Mipira hiyo inataka udongo mkavu, uliochakaa. Kwa hiyo nikate maji kuanzia leo, na siku moja kabla ya mechi nipitishe brashi ya chuma pale mpira unapodundia. "Kidogo tu, mama. Nani atajua?"

Nikamwambia hata kipofu atajua, kwa vidole.

Akasema majirani walitufanyia hivyo hivyo kwao, miaka miwili iliyopita. Kweli. Nilikuwepo! Nilisafiri na timu. Niliona mpira ukiruka kutoka kwenye ufa na kumpiga taya mpigaji wetu wa kwanza. Meno mawili niliyaokota mimi, nikayafunga kwenye leso. Mpaka leo yule kijana anatafunia upande mmoja. Sasa mtu asinifundishe walichotufanyia.

Nikamtolea uvivu. Nawachukia majirani kuliko yeye anavyowachukia. Yeye anawachukia siku ya mechi, mimi nawachukia mwaka mzima, hata nikipalilia. Birika nalitaka! Lakini nalitaka kwa kuwapiga kwenye pichi nzuri, wakose hata la kusingizia. Kwa kukwangua kama kuku, hapana.

Kaniambia nitamwaga unga. Miaka ishirini na sita katika kazi hii. Haya, na umwagike.

Ijumaa, 7 Machi

Leo kaja Nahodha. Nahodha wa timu ya taifa, na ni mtoto wa dada yangu, nimembeba mgongoni huyu. Kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, magoti yakamfika kidevuni. Kazunguka weee: hali ya hewa, bega lake, mchumba wake. Nikamwachia azunguke. Mwishowe kasema. Mwenyekiti amemwambia wazi, birika lisiporudi unahodha hana tena.

"Mama mdogo, nisaidie."

Hakutaja brashi. Hakuhitaji.

Nikamuuliza, mwanangu, kwenye pichi iliyonyooka utawaweza? Akajikuna. Siku moja ndiyo, akasema. Siku nne mfululizo, urefu wa mechi yenyewe, hajui.

Basi kajifunze, nikamwambia, una siku sita. Akacheka, lakini shingo upande. Akaondoka akiburuza mfuko wake wa magongo. Roho imeniuma, siwezi kujidanganya hapa. Nimebaki naangalia ile ndoo. Kisha nikaichukua nikaenda kumwagilia.

Jumamosi, 8 Machi

Dada kapiga simu. Kasema: "Angekuwa wa kumzaa wewe ungemfanyia."

Nimekata simu. Leo siandiki zaidi.

Jumatatu, 10 Machi

Mwenyekiti ameifunga koki ya uwanjani kwa mnyororo na kufuli! Eti kuna hitilafu ya bomba. Hitilafu yenye kufuli jipya!

Nimebeba ndoo kutoka bomba la choo cha mashabiki. Arobaini na mbili. Mlinzi wa lango kajifanya hamnazo, halafu ndoo ya thelathini kaja kunipokea. Mgongo umekataa kunyooka. Pichi imekunywa.

Nilivyokuwa nachota nilimfikiria baba. Kazi hii aliifanya yeye kabla yangu, akatufundisha wote wawili, mimi na dada. Viatu marufuku juu ya pichi. Miguu mitupu, ili usikie palipo na unyevu. Na kipande cha udongo kikiinuka hukipigi teke. Unainama, unakibonyeza kwa kidole gumba, unahesabu hadi kumi. Dada ndiye aliyekuwa fundi. Mimi nilihitaji kuchoma udongo kwa ufunguo kujua unyevu umefika wapi, yeye alikanyaga tu akasema. Baba alipostaafu dada alikuwa ameshaanza kazi yake ya cherehani na ana mtoto mchanga. Kazi ikanijia mimi. Ufunguo wa akiba wa kibanda bado anao yeye, umetundikwa jikoni kwake. Sijawahi kumdai, na hata sasa simdai.

Hajapiga tena. Wala mimi.

Jumanne, 11 Machi

Majirani wamefika. Basi lao lina picha ya birika ubavuni, kubwa kama mlango. Ufedhuli huo!

Nahodha wao kaja kuangalia pichi, mikono mifukoni. Alitegemea vumbi. Kaona kijani. Kachuchumaa, kagusa, kaniangalia kama namficha kitu. "Mama, huu mtego wa aina gani?"

Nikamwambia hakuna mtego, hii ndiyo pichi, nenda katafute mapema la kusingizia. Wenzake wakamcheka. Na yeye akacheka. Nikaudhika kwamba kicheko chake kizuri.

Wetu walikuwa mazoezini upande wa pili. Mwanangu, Nahodha, kapiga saa nzima, mpira unagonga katikati ya gongo, unalia vile ninavyopenda. Sikumpungia mkono, nikamwangalia kutoka nyuma ya rola. Anawaweza. Naandika hapa kwa wino: anawaweza.

Jumatano, 12 Machi

Jioni msimamizi wa mechi kaikagua pichi. Mgeni, si wa kwetu wala wa kwao, makusudi. Kapima nyasi, kabonyeza, kapiga picha kila futi, kaandika. Kasema hajaona safi kama hii msimu huu. Mwenyekiti pembeni kajitia kucheka, meno ya mbele tu.

Msimamizi akatukumbusha sheria, mimi na Mwenyekiti. Atarudi kesho saa mbili na nusu asubuhi, kabla ya sarafu kurushwa saa tatu kuamua nani aanze. Pichi ikikutwa imeharibiwa kwa makusudi, mechi wanapewa wageni, na nahodha wa wenyeji anafungiwa. Nahodha! Si mwenyekiti, si mtu mwingine.

Nimefunika. Turubai nne, matofali pembeni. Hii ndiyo pichi bora ya maisha yangu, na nasema bila aibu.

Alhamisi, 13 Machi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Nimefunua turubai.

Imekwanguliwa.

Upande wa lango, pale pale mpira wa kuzunguka unapodundia. Upana wa mkeka. Nyasi zimeng'olewa, udongo umechanwa mistari mistari kwa brashi ya chuma. Nimekaa chini. Nimesema maneno ambayo siyaandiki.

Kisha nikaona nyayo. Kando ya mistari, kwenye udongo laini. Vidole vitano, kisigino, vidole vitano. Miguu mitupu! Mtu kaja kuua pichi, kavua viatu kwanza.

Duniani tuko wawili tu wenye mazoea hayo. Na mimi nilikuwa nimelala.

Mlinzi kasema ndiyo, dada yako kapita kabla ya jua, kaniambia umemtuma, ana ufunguo. Kwa nini angemkatalia? Hana kosa, nikamwambia, na kweli hana. Brashi imerudishwa kibandani, imesafishwa, imetundikwa mahali pake. Imesafishwa! Dada yangu huyo.

Saa moja. Sina muda wa kulia. Nimechota udongo wa akiba, nimeuchekecha, nimeuloanisha. Najaza mstari mmoja mmoja kwa vidole. Kabla ya sarafu kurushwa pichi ni mali yangu kisheria. Msimamizi alisema alikuta safi, na safi ataikuta. Nikijaza na kupitisha rola mara ishirini, itashika. Baba aliwahi kuitengeneza hivi baada ya ng'ombe kuingia.

Saa mbili kasoro kumi. Mwenyekiti kaja. Kaona mistari kabla sijamaliza. Uso wake ukachanua! Kadhani nimekubali, halafu kadhani naficha alama. Kaniambia acha hivyo hivyo mama, safi kabisa, tulia sasa. Nikamuuliza, jana sheria ulisikia au ulikuwa unacheka tu? Kasema msimamizi nimwachie yeye. Nikawasha rola. Akaamrisha nizime. Sikusikia, injini ina kelele. Kapiga kelele kwamba leo ndiyo siku yangu ya mwisho hapa. Nikamwonyesha viatu vyake: yuko juu ya pichi yangu na viatu. Akaruka nje kama kakanyaga moto! Kazi sina tena, lakini hilo nimelipata.

Saa mbili na dakika kumi na mbili. Mara kumi na mbili nimepita. Inashika.

Saa mbili na robo. Naandika juu ya usukani wa rola. Dada kaja. Kapitia lango la wachezaji, gauni lake la kijani la mechi, mkoba kwapani. Kaona ninachofanya. Kaweka viatu pembeni mwa pichi, vimepangwa pamoja, kaingia, kasimama mbele ya rola. Hasogei.

Nimemwambia sogea dada. Kasema nipite juu yake.

Nimemwambia msimamizi alipiga picha jana, kila futi. Akikuta mikwaruzo anayefungiwa si mimi. Ni mwanao. Nikamwona kabadilika. Kumbe hakuna aliyemwambia! Lakini miguu pale pale. Kasema, na usipoiacha, akishindwa, si amekwisha vile vile? Nikamwambia atawashinda. Kasema unajuaje? Nikamwambia nimemwona Jumanne, wewe lini mara ya mwisho umemwona akipiga? Anamwogopea, basi, huwa anafumba macho jukwaani.

Sina hasira naye. Nilidhani ninayo. Nina zamu nane za rola, hizo ndizo ninazo.

Saa mbili na dakika ishirini na mbili. Mlango wa vyumba vya wachezaji umefunguka. Mwanangu anashuka ngazi, koti la nahodha mabegani. Kaona rola, kaona udongo mbichi, kamwona mama yake katikati. Anauliza kwa sauti, kutoka mbali, nani kafanya hivi. Anauliza mara ya pili. Mwenyekiti anaangalia saa yake. Nyuma yao, kwenye lango kuu, kofia nyeupe ya msimamizi. Mapema dakika nane! Anakuja na kamera.

Nikisema ni dada, mwanangu anasikia. Nikisema ni mimi, hilo naliweza, tayari sina kazi. Lakini nikisimama kuongea rola haiendi, na bado zamu nane.

Dada kanigeuzia mgongo. Anatazama chini. Kuna kipande cha udongo kimeinuka karibu na mguu wake, pale nilipojaza vibaya kwa haraka. Naona anakiona.

Kainama. Mkoba umeanguka, hakuushika. Anakibonyeza kwa kidole gumba. Midomo yake inacheza, anahesabu.

Bado yuko mbele ya rola. Nimeweka gia, nangoja afike kumi. Amefika sita.