Ngao ya Bibi Mvua

Shangazi,

Shikamoo. Marahaba yako naisikia, ila najua ukimaliza kusoma utaifuta. Haya, ifute. Nitasema yote hata hivyo.

Siku ya msiba, kabla hawajafunga jeneza, niliomba kuingia peke yangu. Wote walidhani nakuaga. Nilikuwekea kiganjani kile kipande cha bomba ulichokiita "koo", kilichoning'inia kwa kamba ya katani mlangoni mwa karakana yetu miaka yote. Niliona ni chako, uende nacho. Mjinga mimi!

Kila shujaa wa mbao tuliyemchongea mtoto wa chekechea alipimwa kwa bomba lile. Kofia, mkono, hata kifungo cha joho: kikizama kwenye koo, hakitoki karakana. "Mtoto wa miaka mitatu anaona kwa mdomo," ulikuwa unasema, nami nacheka. Ndiyo maana mashujaa wako walikuwa vibonge, miguu minene ya kushikika, hawana panga wala bunduki, na joho la kitenge linaachia likivutwa. Ngao ulikuwa unaichonga hapo hapo kifuani, kipande kimoja na mwili.

Mimi nikajifanya fundi. Wiki tatu baada ya kukuzika nilimtengeneza Bibi Mvua, yule uliyemchora akiita mawingu juu ya Dodoma, nikambandikia ngao ya buluu kwa gundi. Alipendeza, shangazi, usinibishie. Koo sikuwa nalo, basi nikaikadiria ngao kwa jicho nikasema inatosha. Nikapeleka akina Bibi Mvua kumi na wawili kwenye chekechea moja kule Zuzu.

Alhamisi asubuhi mwalimu alinipigia. Hakunisalimia. "Dada, Bibi Mvua mmoja hana ngao, na Upendo anakohoa."

Upendo ana miaka mitatu. Sijui bodaboda ilifikaje Zuzu. Yeye walikuwa wameshamkimbiza hospitali, mimi nikapiga magoti darasani, nikapekua mikeka, ndoo ya mchanga, viatu vyote vya watoto pale mlangoni. Nilikuwa naibembeleza ile ngao kama mtu: jitokeze, tafadhali, jitokeze. Haikuwepo.

Nilipofika hospitali walikuwa wamempiga picha ya kifua, na picha haikuonyesha kitu. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Daktari akanitazama. "Mbao haionekani kwenye picha, dada." Nikakaa sakafuni. Mama yake Upendo, ambaye hakujua bado mimi ni nani, akaniinamia akanipa maji yake ninywe.

Nikamwambia. Hakupiga kelele. Alichukua chupa yake akahamia benchi la mbali.

Gundi ililowa mate ikaachia, ndivyo ilivyokuwa. Walimlaza, wakampitisha mrija wenye kamera, na mlango wa chumba kile haukufunguka, haukufunguka, mpaka nikaanza kukutukana wewe kwa kufa. Nisamehe. Ulipofunguka, nesi alikuwa na kikopo mkononi, ndani yake kuna kitu cha buluu. Upendo anapumua. Nakuandikia tena ili nami nisikie: Upendo anapumua.

Wale wengine nimewarudisha wote karakana. Kipimo cha koo nilikikuta kwenye daftari lako, kwa mwandiko wako ule wa kukimbia, nikakata bomba jipya. Kitu cha kwanza kukitumbukiza kilikuwa ile ngao niliyopewa hospitali. Ilizama yote. Nililia pale pale kwenye vumbi la randa.

Jana nilienda kwa akina Upendo na Bibi Mvua mpya, ngao nimeichonga kifuani kama ulivyonifundisha. Mama yake hakunikaribisha, hakunifukuza pia. Mtoto aliponyoosha mikono, mama akamwahi. Akamgeuza yule shujaa, akaing'ata ngao, akavuta kwa meno yake. Akavuta tena, akinitazama. Haikutoka. Ndipo akampa mwanawe.

Pumzika, shangazi. Koo lako baki nalo, jipya liko mlangoni. Nakuahidi hivi: kila shujaa akishafaulu kipimo cha koo, nitamvuta kwa meno yangu mwenyewe, mmoja mmoja, ili mama mwingine asilazimike.

Mwanao wa karakana,
Rehema