Maji Yaliyomo Ndani ya Boraksi

Baba yangu mpendwa,

Assalaam alaikum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima pamoja na Mama, na mvua za vuli ziwe zimewakumbuka huko Handeni. Mimi mwili haujambo. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na karatasi, hata ukasirike vipi, haikatiki kama simu.

Huku Uturuki baridi imeanza. Kazi yangu kiwandani ni ileile, kufungua magunia ya boraksi, ile chumvi ya kuyeyushia, na kuipima kabla haijaingia kwenye tanuru la vioo. Wenzangu ni watu wema, lakini wakianza kucheka sijui wanacheka nini, nami hucheka kidogo kwa adabu. Jumapili iliyopita nilikaa chumbani asubuhi mpaka jioni bila mtu kuniita jina langu. Nikajisemea Kizigua peke yangu, kisha nikaona haya. Sikujua kwamba upweke unauma tumboni kama njaa.

Mdogo wangu Zaina amenieleza yaliyotokea. Ulichukua boraksi niliyokutumia ili uache zebaki, ukaichanganya na mchanga mzito wa dhahabu wa mwezi mzima, ukaweka kijungu kwenye moto mkali huku wenzako wa duarani, hapo shimoni mnapochimba, wanatazama. Ikaumuka kama unga wa maandazi, ikafurika, dhahabu ikaenda majivuni. Wakakuambia, "Mzee Athumani, dawa ya binti yako imekula mali!" Pakiti iliyobaki ukaifukia mbali na duara, maana nawajua ninyi wachimbaji, kitu kikiwamwagia dhahabu mara moja tu mnakiita nuksi. Siku hiyohiyo ukarudi kwenye zebaki, kukamatia dhahabu na kuichoma.

Kosa ni langu, Baba. Nilikuambia "changanya, choma" kama vile kuchoma ni mahindi. Sikukueleza kitu chenyewe kikoje.

Boraksi ukiitazama ni kavu, nyeupe, lakini karibu nusu ya uzito wake ni maji. Mama mmoja mkemia wa hapa alinichorea juu ya boksi. Kuna boroni nne zilizounganishwa na oksijeni. Mbili zimeshika oksijeni tatu kila moja, na mbili zimeshika nne nne. Sodiamu imekaa pembeni, na maji yamefungiwa humo humo ndani ya punje. Ukiipasha moto ghafla, maji hayo yanatoka kwa fujo. Ndiyo yaliyokumwagia dhahabu, wala hakuna nuksi hapo.

Aliyebeba barua hii amebeba na pakiti nyingine. Safari hii anza na boraksi peke yake, kidogo kidogo. Iache iumuke mpaka ichoke, itulie, iyeyuke iwe kama kioo. Ipoe, uitwange. Hapo maji yamekwisha. Ondoa chuma kwa sumaku, pepeta mchanga wako vizuri kwenye karai, ndipo uchanganye na uchome. Uchafu na kutu vitayeyukia kwenye boraksi. Dhahabu haiyeyukii humo, na kwa kuwa ni nzito itatua chini yenyewe. Jaribu kwanza na mchanga usio na kitu, wenzako wakiwa wamekwenda kula. Halafu usiiweke karibu na magadi, Mama asije akaitia kwenye maharage. Hailiwi.

Sasa nikuambie kinachoninyima raha. Zaina anasema chai inamwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni, na wewe unasema ni uzee. Uzee gani? Babu alilima Mnyuzi mpaka meno yakamwisha, na mkono wake ulikuwa imara. Ni ule moshi wa zebaki, Baba. Na unaichomea kwenye kikaango cha Mama, hatua chache kutoka anapokaa kupika. Mwanzoni nilitaka ufanikiwe ili niseme binti yako ana akili. Hilo limeniisha. Dhahabu ikimwagika tena, na imwagike. Mimi nakutaka wewe. Naogopa siku nitakayopigiwa simu kutoka nyumbani na mtu mwingine, nami niko huku sina hata wa kulia naye.

Nisalimie Mama, umwambie sweta aliyonifumia ndiyo ninayolala nayo. Msalimie shangazi wa Vugiri, na mjomba fundi cherehani wa Korogwe ya Zamani, na bibi wa Mnyuzi umshikie miguu kwa niaba yangu. Zaina asigombezwe kwa kuniambia. Mimi ndiye niliyembana.

Nakuomba jambo moja la mwisho. Nijibu kwa mkono wako mwenyewe, usimpe Zaina kalamu. Herufi zikitetemeka, ziache zitetemeke. Nataka nione kutetemeka kumefika wapi.

Mwanao mkaidi kama wewe,
Mwanaidi