Nimebonyeza FUTA

Mukunde, sikia yaliyonipata leo kwenye ufundi wangu.

Mzee Rubayiza wa Kagarama kaniletea ile mashine inayomsemea binti yake asiyeweza kuongea. Sauti zote alirekodi mama wa binti huyo kabla hajafariki. Chipu inayohifadhi sauti imechoka, akataka nizihamishie kwenye mpya.

Nikaibana kwa kibanio cha kile kifaa changu cha USB cha bei rahisi, cha kusomea chipu kwenye kompyuta. Badala ya SOMA nikabonyeza FUTA. FUTA, Mukunde! Na hakuna nakala nyingine!

Mzee akauliza, "Fundi, mbona unatoka jasho?"

Nikakagua: kumbe kibanio kilikuwa kimeteleza, hakikushika chipu. Hakuna kilichofutika! Nikakibana upya, nikasoma, nikahifadhi mara tatu.

Mtoto akabonyeza kitufe. Sauti ya mama: "Baba, niko na njaa."

Mzee akanishika mikono, akanishukuru kwa Kinyarwanda: "Murakoze cyane." Nimeshindwa kumtazama usoni; hajui kwamba nilibonyeza FUTA.