Tezi Si ya Shingo

Mwananyamala, 9 Agosti 1994

Mama Shamimu,

Salamu nyingi. Mlango wa choo uliokuwa ukiulalamikia nimeutia bawaba mpya.

Ulipoondoka ulisema wanawake wa Sinza ndio walionizibia mkojo. Sikubisha, maana Sinza nilikwenda kweli. Miaka miwili nikawa nameza vidonge vya kisonono vya dukani, naona haya kwenda hospitali.

Juzi daktari kaniambia ni tezi. Nikajishika shingo. Akasema hii ni tezi ya wanaume, iko chini ya kibofu, na saratani yake imeshafika mifupani. Nikamuuliza kama ni Sinza. Akasema hapana, ila ningewahi ningetibika.

Sinza nilikwenda, Chausiku. Lakini kinachoniua ni ile haya.

Baba Shamimu